Sindano Mkononi mwa Hasimu

Mwenye jeraha ameketi ukingoni mwa beseni la kuogea, shati limevuliwa mkono mmoja. Mwenye sindano amepiga magoti mbele yake. Taa ni hafifu, uzi umelowekwa kwenye pombe kali, hakuna anayezungumza. Jeraha limepita kwa mshazari chini ya mbavu za kushoto. Mwenye sindano halichungulii ajue limezama kiasi gani. Kisu kilichochana hapo kilikuwa chake mwenyewe.

Hiyo ni hadithi ninayoiandika. Wanaume wawili, wauaji wa kukodiwa, mahasimu wa miaka mingi, na usiku huu kuna watu wengine wanaowasaka wote wawili. Wapenzi wa simulizi za maadui wanaokuja kupendana mnajua safari inaelekea wapi, kwa hiyo utangulizi nauacha.

Nilipofika kwenye mshono wa kwanza niliandika: "Akafumba macho."

Nikafuta.

Nikairudisha, maana ilipendeza. Nikaifuta tena, maana sikuiamini. Wiki zimepita na maneno hayo mawili bado yananiandama, hasa usiku nikishazima taa.

Muuaji hafumbi macho mbele ya muuaji mwenzake. Akifumba, basi kuna jambo limeshapita baina yao kabla sindano haijatungwa uzi. Nilitaka kulijua jambo hilo ni lipi.

## Anayekujua kuliko wote

Husemwa kwamba chuki ni upofu. Kwa watu wa kazi hii haiwezi kuwa hivyo. Anayetumwa kuua huanza kwa kutazama, na hutazama kwa muda mrefu sana, ilhali kuua kwenyewe ni jambo la kufumba na kufumbua. Hujifunza saa ambazo mlengwa hutoka, mlango anaoutumia, mkono anaoshikia kitasa, kama hugeuka akisikia hatua nyuma yake. Anayepita njia ileile kila siku, saa ileile, amemrahisishia kazi anayemwinda.

Mlengwa wa kawaida halijui hilo. Muuaji analijua, kwa hiyo huyafuta mazoea yake moja baada ya jingine. Hubadili njia, jina, mwendo, hata namna ya kucheka, mpaka hakuna jirani wala mwenye nyumba awezaye kusema huyu ni mtu wa aina gani.

Sasa mletee mtu huyo hasimu wa kiwango chake.

Hasimu huona yale ambayo wengine wote wamefichwa. Anajua kwamba yule jamaa hulala sikio la kulia likielekea mlangoni, kwa kuwa la kushoto limepungua kusikia. Anajua kwamba kabla ya kupanda ngazi husita kidogo, nusu ya pumzi tu. Anaijua harufu ya mafuta anayosafishia bastola. Mwanzoni alilipwa ili ayajue haya. Baadaye malipo yakakoma naye akaendelea kutazama, na kwangu mimi hadithi huanzia hapo, kwa sababu sasa hana kisingizio.

Watu hawa wawili wamekusanya kwa uadui yale ambayo wapenzi wengine huyakusanya kwa miaka ya kulala kitanda kimoja. Wakikutana ana kwa ana, hawana la kujitambulisha.

Kikulacho ki nguoni mwako, walionya wahenga. Muuaji wa kukodiwa amehakikisha hakuna yeyote nguoni mwake: hana mke, hana rafiki, hana ndugu anayejua alipo. Aliyebaki karibu kiasi hicho ni hasimu peke yake.

## Mtu wa chini ya daraja

Kuna kisa cha kale nilichokirudia mara nyingi wiki hizi. Sima Qian, mwanahistoria wa China aliyekuwa akiandika kuelekea mwaka 100 KK, alitenga sura nzima ya historia yake kwa ajili ya wauaji. Mmoja wao ni Yu Rang. Bwana wake, Zhi Bo, aliangamizwa mwaka 453 KK na Zhao Xiangzi pamoja na washirika wake. Zhao Xiangzi hakuridhika na ushindi. Alilichukua fuvu la marehemu, akalipaka laka, utomvu wa mti wa kung'arishia vyombo, akalifanya chombo cha kunywea. Yu Rang akaapa kulipiza kisasi.

Safari ya kwanza alijifanya mfungwa wa kazi za sulubu, akaingia kwenye jumba la adui yake kukandika kuta za choo, silaha ameificha mwilini. Zhao Xiangzi alipokwenda chooni, moyo ukamshtuka. Akaamuru yule mfanyakazi akamatwe na kuhojiwa, na kisa kizima kikajulikana. Watu wake walitaka kumuua papo hapo. Yeye akasema mtu huyu ni mwaminifu kwa bwana wake, mwacheni aende zake, mimi nitajihadhari naye.

Yu Rang hakukoma. Alijipaka laka mwilini hadi ngozi ikatoka vidonda kama vya mwenye ukoma. Akameza makaa ili sauti yake ikauke. Akaenda kuombaomba sokoni, na mkewe asimtambue. Rafiki mmoja tu ndiye aliyemjua, akalia kwa kumwona vile. Kisha akajificha chini ya daraja ambalo adui yake angelipita.

Farasi akashtuka. Zhao Xiangzi akasema: huyu lazima ni Yu Rang.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini.

Mke alimtazama usoni asimjue. Hasimu alimjua kabla hajamwona, kwa mshtuko wa farasi tu, kwa kuwa alikuwa amemtarajia kwenye kila daraja na kila mlango tangu siku ile ya chooni. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimfikiria Yu Rang kiasi hicho.

Mwisho wa kisa ndio unaoniuma zaidi. Yu Rang hakuomba uhai. Aliomba apewe vazi la adui yake alipige kwa upanga, ili asife mikono mitupu. Zhao Xiangzi akaguswa, akampa vazi lake. Yu Rang akaruka mara tatu akilipiga, kisha akajiangukia upanga wake mwenyewe.

Kisa hiki si cha mahaba, na sitakisingizia. Moyo wa Yu Rang ulikuwa kwa bwana wake aliyekufa. Lakini lile tendo la kumpa mtu nguo yako aichome, huku ukijua kila pigo lilikusudiwa mwili wako, lina ukaribu ambao siupati kwenye mashairi mengi ya mapenzi. Angeweza kumkatalia. Hakuna aliyemlazimisha.

Hadithi za mahasimu wanaopendana huanza pale Sima Qian alipoishia. Zinauliza ingekuwaje kama yule wa chini ya daraja asingejiua, kama wangebaki wawili pale, vazi limetobolewa, wote wako hai na hawajui wafanye nini na uhai huo.

## Wanaume wawili, kazi moja

Kwa nini wote wawili wawe wanaume? Nimejiuliza kwa dhati, na jibu langu ni hili: hawana viti walivyopangiwa. Wakitokea mwanamume na mwanamke kwenye ukurasa, msomaji huanza kugawa mafungu kabla ya mwandishi: nani atatongoza, nani atazungusha, nani ataokolewa. Mwandishi hodari anaweza kupindua mpango huo, lakini lazima kwanza apambane nao. Wanaume wawili wenye ujuzi uleule na makovu yaleyale hawana mpango wa kupindua. Nani atapiga magoti ashike sindano? Nani atasema kwanza? Kila hatua ni lazima mmoja wao aichague mwenyewe, na kila chaguo lina gharama yake.

Nadhani ndiyo maana wanawake wengi wamezipenda na kuziandika hadithi hizi. Miaka ya 1970 wachoraji wa kike wa manga, yaani hadithi za picha, nchini Japani walikuwa wakichora mapenzi ya vijana wa kiume, na kufikia 1978 lilikuwapo jarida la aina hiyo, lililokuja kuitwa June. Wakati huohuo, upande wa pili wa dunia, mashabiki wa kike wa tamthilia za televisheni walikuwa wakipitishiana simulizi zao katika vijarida vya kudurufu. Leo mtu hufungua maktaba ya mashabiki ya Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2009, na huchagua maadui wanaokuja kupendana kama fungu linalojitegemea, pamoja na mwendo wa taratibu anaoutaka.

Kuna na jambo la mwili. Wanaume kama hawa hawakufundishwa kugusana ila kwa kipigo. Mara ya kwanza mmoja kumshika mwenzake, alimshika koo. Mandhari ya mapigano, ikiandikwa vizuri, inabeba mengi: uzito wa mwenzio, urefu wa mkono wake, anavyopumua akichoka, upande anaouamini. Mahaba yatakapofika hayatakuwa na mwili mgeni wa kuanza kujifunza.

Ninachokiamini sana ni kwamba mguso wa baadaye haupaswi kusahau ule wa kwanza. Katika rasimu yangu kuna usiku ambapo mmoja anamwekea mwenzake mkono kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ndani kidogo ya mkono wa shati, pale alipozoea kuficha kisu chembamba. Mkono umekwenda hapo kwa mazoea, kukagua. Kisu hakipo. Mkono unabaki palepale, na wote wawili wanajua ulikwenda kutafuta nini. Sikuongeza busu. Sikuona haja.

Halafu wako waajiri. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kwa mdunguaji kikohozi chenyewe ni risasi iliyopita pembeni. Mtu asiyekosa shabaha akikosa mara moja, mwajiri anaweza kudhani ni upepo. Akimkosa mtu yuleyule mara ya pili, kuna watu wataanza kupiga hesabu. Sehemu hii huwa inajiandika yenyewe, kwa hiyo sikai nayo.

## Asichokijua hasimu

Nikarudi kwenye yale macho, na hapo ndipo hoja yangu ya mwanzo ikaanza kunipa taabu.

Kama hasimu anajua kila kitu, mapenzi yanaongeza nini? Kama anajua unavyolala, unavyosita, unavyovuja damu, je, hayo si mapenzi tayari yaliyovaa nguo nyingine? Waandishi wengi hujibu ndiyo. Husema chuki na mapenzi ni ndugu, ukimfunua mmoja, mwingine anatokea. Nililikubali jibu hilo kwa muda mrefu. Silikubali tena, kwa sababu anayekufuatilia kwa ubaya naye anajua unavyolala, na maarifa hayo hayajawahi kumgeuza mtu kuwa mpenzi.

Aliyenitoa hapo ni Liyongo.

Kisa chake sote tunakijua. Sultani alishindwa naye kwa kila hila, akamtumia mwana wa Liyongo mwenyewe, kwa ahadi ya kumwoza binti wa sultani. Kijana akaenda kumuuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumuua. Sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kwa miaka yote askari wa sultani walikuwa wamemwona Liyongo akipigana, akila, akivunja minyororo. Walijua nguvu zake zote. La kitovu hawakulijua, na wasingelijua hata wangemtazama hadi kiama, kwa kuwa halikuwa jambo la kuonekana. Lilikuwa jambo la kuambiwa.

Na baba alihisi. Alipoulizwa alishuku kwamba kijana ana dhamira ya kumuua. Akamwambia hata hivyo.

Hapo nikaona kilichokuwa kikipungua bafuni. Mwenye sindano anajua kila kinachoonekana kwa nje. Uhodari wake wote unaishia kwenye ngozi. Yaliyo ndani hayadunguliwi kwa darubini. Lazima mwenyewe ayatoe, akijua fika yanakwenda mikononi mwa nani. Kwa hiyo mgeuko wa hadithi ya namna hii siuoni tena kwenye busu, wala kwenye risasi isiyofyatuliwa. Mtu anaweza kuacha kufyatua kwa udadisi, kwa kiburi, kwa kutaka mchezo uendelee. Mgeuko ni pale mmoja anapomwambia mwenzake siri ya kwanza ambayo mwenzake asingeweza kuipata kwa kumvizia.

Nimeiandika upya sehemu ile. Mwenye jeraha hafumbi macho. Anautazama mkono unaoshona, mshono kwa mshono, na katikati ya kazi anasema, bila kuulizwa, kwamba upande ule hausikii maumivu. Haujasikia tangu alipokuwa mtoto. Mtu anaweza kumchoma hapo usiku na yeye asiamke.

Mwenye sindano anasimamisha mkono. Katika miaka yote ya kumwinda, hilo hakulijua.

Anaendelea kushona, taratibu zaidi kuliko mwanzo, ijapokuwa sasa anajua kwamba taratibu yake haina faida yoyote kwa maumivu yasiyokuwapo.

## Waliokufa

Kuna shaka moja ambayo Liyongo hakuniondolea, na ni kubwa kuliko ile ya macho.

Hawa ni wauaji. Kabla hawajafika bafuni wameua watu, na watu hao hawamo kwenye hadithi. Nimesoma simulizi nyingi za aina hii, nikazipenda, nikakesha nazo, na karibu zote zina njia ileile ya kuwaondoa marehemu: kila aliyeuawa alikuwa mwovu. Au shujaa ana mwiko wake, hagusi wanawake wala watoto, na mwiko huo unatosha kumsafisha. Siridhiki. Ukiwafanya waliokufa wasiwe na thamani, umeishusha na ile huruma inayoonyeshwa jeraha moja chini ya mbavu za kushoto.

Athens ya kale ilikuwa na wapenzi wawili wa kiume waliokuwa wauaji kwelikweli, Harmodios na Aristogeiton. Mwaka 514 KK, siku ya sikukuu kubwa ya Panathenaia, walimuua Hipparkhos, ndugu wa mtawala wa kimabavu Hippias. Kwa mujibu wa Thukydides, mwanahistoria wa Athens, chanzo kilikuwa mapenzi: Hipparkhos alimtaka Harmodios, akakataliwa, akalipiza kwa kumwaibisha dada yake hadharani. Mpango wao hasa ulikuwa dhidi ya Hippias, lakini walimwona mmoja wa wenzao akizungumza naye, wakadhani wamesalitiwa, wakamkimbilia aliyekuwa karibu. Harmodios aliuawa palepale. Aristogeiton alikamatwa, akafa kwa mateso. Hippias akawa mkali kuliko mwanzo, na utawala wake haukuanguka hadi 510 KK.

Mji ukaja kuwatengenezea sanamu. Zilipochukuliwa na jeshi la Uajemi mwaka 480 KK, nyingine zikachongwa upesi. Wapenzi wawili wanasonga mbele bega kwa bega, silaha mikononi. Ni kazi nzuri sana, na nakala yake ya zama za Warumi ipo Napoli hadi leo. Lakini ile miaka ya ukali baada ya 514 haimo kwenye sanamu, wala watu walioilipia. Uzuri wa wawili hao umejaza nafasi yote, na ndivyo hasa hadithi zetu zinavyofanya, bila hata ile dhamira ya kisiasa ambayo Waathens waliweza kuitaja. Wauaji wangu waliua kwa malipo.

Katika hadithi yangu, mwenye jeraha alikuwa na mwalimu. Mzee aliyemtoa mtaani, akamfundisha kusoma kabla ya kumfundisha kulenga. Mwenye sindano ndiye aliyemuua, kwa mkataba, miaka mingi kabla ya usiku wa bafuni. Mpango wangu wa awali ulikuwa siri hiyo ifichuliwe karibu na mwisho, na mtu wa tatu, msomaji aruke kitini. Nimeuacha mpango huo. Kumfichia mwenzako jambo kama hilo huku ukipokea siri zake ni kumvizia kulekule, kwa silaha nyingine.

Kwa hiyo mwenye sindano atasema mwenyewe. Atasema akiwa amekata uzi na kufunga kitambaa, kabla hawajagusana kwa namna nyingine yoyote. Hatasema ilikuwa kazi tu. Atataja jina la mzee, atasema ilikuwa asubuhi, atasema mzee alimwona na kwamba kuna neno alilolitamka. Neno hilo bado sijalipata. Nimejaribu mengi, na kila moja linamfanya mzee awe anasamehe au analaani, ilhali namtaka awe mtu aliyekatizwa kifungua kinywa chake.

Mwenye jeraha atasimama, avae shati juu ya mshono mbichi, aondoke. Hilo nina hakika nalo. Nimempa sura nzima ya kuwa mbali, bila simu, bila ndoto, bila mandhari ya kumkumbusha mwenzake, ili msomaji aamini kwamba angeweza kabisa asirudi. Mwenye sindano naye simruhusu kumfuata, ingawa anajua kila mahali anakoweza kulala. Kumtafuta ndiyo kazi anayoiweza kuliko zote, na ndiyo asiyopaswa kuifanya.

Anayerudi lazima arudi kwa miguu yake. Ninaandika sura hiyo sasa, na mara kwa mara nasimama kujiuliza kama mimi, kwa ajili ya mwalimu yule, ningemruhusu arudi.